Volti zilizopotelea njiani: kisa cha Probox iliyokuwa ikizima mlima wa Soni

Gari lenyewe ni Toyota Probox ya petroli, injini 1NZ-FE ya sisi 1,500, gia otomatiki. Kazi yake ni samaki. Alfajiri linapakia matenga pale Deep Sea, Tanga mjini, linashika barabara ya Muheza na Segera, linapita Korogwe, linafika Mombo, halafu linaanza kupanda kona za Soni kwenda Lushoto. Ni safari ya kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,400 hivi, nyuma kukiwa kumejaa samaki na barafu.

Tambarare lilikuwa linakwenda vizuri. Likianza mlima linapoteza nguvu: dereva anakanyaga mafuta hadi chini, injini haiitiki, inakohoa, mwisho inazima. Akisubiri kama robo saa linawaka, linapanda kipande, linazima tena. Mwanzoni ilikuwa Soni tu. Baadaye tatizo likashuka hadi Mombo, na lilipoletwa kwangu lilikuwa linaanza kuchoka kabla hata ya kufika Muheza.

Niliogopa zaidi nilipofikiria barabara yenyewe. Usukani wa Probox unasaidiwa na mota ya umeme, na breki zinasaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Injini ikizima katikati ya kona, usukani unakuwa mzito papo hapo, na breki zinabaki na akiba ya kukanyagwa mara chache tu kabla hazijawa ngumu kama ukuta. Pale Soni upande mmoja ni jabali na upande mwingine ni korongo. Utingo wa gari hili alishazoea kuruka chini na jiwe mkononi ili aliweke nyuma ya tairi. Gari la namna hiyo halifai kurudishwa barabarani kwa kubahatisha.

Mwenye gari ni mama wa makamo, mfanyabiashara wa siku nyingi. Alikuja na mfuko wa spea za zamani akavimwaga vyote mezani: plagi nne, koili, chujio la mafuta, pampu ya mafuta. Nozeli zilishasafishwa, throtoli ilishasafishwa. Na masega ya ekzosi, yaani kile kisafisha moshi ndani ya bomba la ekzosi, yalishatolewa, akaambiwa ndiyo yaliyoziba.

"Mwanangu," akaniambia, "kila fundi ananiambia hiki ndicho. Nanunua, linapona siku mbili tatu, linarudi kule kule."

Nikamuuliza lilipona baada ya kubadilishwa kitu gani. Akafikiri, akasema: pampu. Lilipobadilishwa plagi halikupona hata siku moja, koili vilevile. Lilipowekwa pampu ya mtumba likapanda Lushoto mara mbili bila shida, halafu ugonjwa ukarudi, tena mkali kuliko mwanzo. Jibu hilo lilinisaidia kuliko spea zote zilizokuwa mezani, na nitalirudia, kwa sababu ndilo lililokuwa limewapoteza wengi.

Kisha nikamgeukia dereva. "Mdogo wangu, likizima, linazima kama umezungusha ufunguo, tap, au linakufa kwa kusitasita?"

"Linasitasita, fundi. Linakuwa kama halina mafuta. Ukiachia pedeli linapata nafuu kidogo, ukikanyaga linazidi kufa."

Injini inayokatwa umeme wa moto, kwa mfano sensa ya kranki ikikataa kwa joto, huzima ghafla, na mshale wa mizunguko huanguka sifuri wakati gari bado linatembea. Injini inayokosa mafuta hufa polepole. Inaponyimwa hewa ya kutoka, yaani masega yameziba, nayo hukosa nguvu, ila haipati nafuu ya haraka namna ile ukiachia pedeli, na hairudi kuwa nzima baada ya kupumzika robo saa, maana kilichoziba hakizibuki kwa kupoa. Kwa hiyo hata kabla sijafungua boneti, mzani ulikuwa umeelemea upande wa mafuta.

Nina neno kuhusu masega. Kujua kama yameziba hakuhitaji kuyakata. Unaunganisha geji ya mvuto kwenye manifoldi ya hewa, unapandisha injini hadi mizunguko 2,500, unaishikilia hapo. Mvuto ukizidi kushuka taratibu huku pedeli haijasogea, hewa chafu inakwama nyuma. Au unafungua sensa ya oksijeni ya mbele, unaweka geji ya presha kwenye tundu lake. Ni kazi ya muda mfupi. Lakini ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye bei, na imekuwa kawaida gari lolote linalokosa nguvu kuanza kwa kutolewa masega. Mama huyu aliyapoteza bure, na inaniuma.

Nikaanza na mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Kulikuwa na kodi moja ya hitilafu iliyohifadhiwa, P0171, maana yake mchanganyiko una petroli kidogo kuliko hewa. Kodi hiyo peke yake haikupi jina la kipuri. Inakuambia kompyuta ya injini imejitahidi kuongeza petroli hadi ikafika ukingoni. Tazama imeongeza kiasi gani na lini. Gari likiwa limesimama sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, nyongeza ilikuwa asilimia 5, hali ya kawaida. Barabarani, kwa mizunguko 3,000 na mzigo, ilipanda hadi asilimia 24.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Kama hewa ingekuwa inaingia kwa wizi kupitia mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi, ingeonekana zaidi sailensa, maana hapo injini inavuta hewa kidogo na wizi mdogo ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukiongeza mizunguko nafuu huonekana. Hapa mambo yalikuwa kinyume. Kinachokuwa sawa sailensa na kuharibika kwenye mzigo kwa kawaida ni kimoja kati ya viwili: sensa ya hewa imechafuka, inaiambia kompyuta hewa ni ndogo kuliko ilivyo, au mafuta hayafiki ya kutosha. Vyote viwili huleta namba zinazofanana kwenye mashine, na hapo ndipo mashine inapoishia. Inayobaki ni geji ya presha.

Presha ya mafuta ya 1NZ-FE inatakiwa iwe kati ya psi 44 na 50. Mdhibiti wa presha uko ndani ya tenki pamoja na pampu na chujio, hakuna mpira wa kurudisha mafuta kutoka mbele, kwa hiyo presha inatakiwa ikae palepale, sailensa au mlimani. Gari likiwa limesimama gerejini geji ilisoma 46. Nilipokanyaga mafuta hapohapo, 46. Fundi mwenye haraka angesema mafuta yako sawa, akaenda kwenye kitu kingine, na sina shaka kuna aliyefanya hivyo kabla yangu. Injini isiyobeba mzigo inakunywa kidogo mno. Hata pampu inayokufa inaweza kuilisha. Gari hili lilitakiwa lipimwe likiwa linaumwa, njiani.

Tanga mjini hakuna mlima wa maana. Tukapakia gari kama kawaida yake, matenga na barafu, tukasubiri jua la mchana. Geji niliifunga kwa mpira mrefu unaotoka chini ya boneti, nikaibandika nje ya kioo cha mbele ambapo ningeweza kuisoma nikiwa nimekaa kiti cha abiria. Nje, nasema, maana mpira wenye petroli ya presha haupitishwi ndani ya gari kwa sababu yoyote ile. Nyuma ya soketi ya pampu, chini ya kiti cha nyuma, nilichomeka waya mbili nyembamba, kila mmoja na fyuzi yake, zikaja hadi kwenye mita mapajani mwangu. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa miguuni.

Tukatoka, tukapita Kange, tukapita Pongwe. Presha 46, 46, 45. Baada ya Pongwe barabara inaanza kupanda na kushuka, dereva akawa anakanyaga. 41. 38. Kwenye mwinuko mmoja kabla ya Muheza gari likaanza kulia, geji ikashuka mbele ya macho yetu hadi 27. Mashine ikaonyesha sensa ya oksijeni imeanguka karibu na sifuri wakati pedeli iko chini kabisa, mahali ambapo ingetakiwa iwe juu, volti 0.8 au 0.9. Injini ilikuwa inanyimwa petroli, bila ubishi. Sensa ya hewa ikafutwa kwenye orodha.

Ukishaona 27 mkono unakwenda wenyewe kwenye pampu. Lakini presha ndogo haimtaji mwenye kosa. Pampu inaweza kuwa imechoka. Chujio linaweza kuwa limeziba. Au pampu ni nzima na chujio ni safi, ila umeme unaofika hautoshi kuizungusha. Mota ya pampu ikipungukiwa na volti inapunguza mwendo, na ikipunguza mwendo inasukuma petroli kidogo. Mama alishanunua pampu na chujio. La tatu hakuna aliyelipima.

Nikamwambia dereva aweke gari pembeni, alisimamishe mahali salama lakini asizime. Ugonjwa ulikuwa bado upo na sikutaka upoe. Betri ilikuwa na volti 13.9, oltaneta inachaji vizuri. Upande wa chanya, nyuma ya soketi ya pampu, 13.5. Njia yote ya kuja, fyuzi, rilei, hata ile swichi ya siri ya kuzuia wizi iliyofungwa na mtu wa alamu, ilikuwa inakula volti 0.4 tu. Nakiri swichi ile niliishuku tangu nilipoiona, zinafungwa kwa kusokota waya na kuviringisha selotepu, lakini kipimo kiliisafisha. Upande wa asi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, nyuma ya soketi ile ile, nilitarajia karibu sifuri. Mita ikasoma 1.5.

Yaani volti moja na nusu zilikuwa zinapotea kwenye njia ya kurudi. Watu wanapima chanya, wakiona kumi na tatu wanaridhika, wanasahau kwamba umeme usiporudi vizuri ni sawa na usipofika. Pampu ilikuwa imebakiwa na volti 12.0.

Ila hapo hesabu haikukaa. Pampu nzima ikipewa volti 12 haishuki hadi psi 27. Ama pampu ni mbovu kweli, ama kuna upotevu mwingine ambao mita haikuweza kuuona kwa sababu ulikuwa mbele ya mahali nilipochomeka waya: ndani ya soketi yenyewe, pini na pini zinapogusana. Nikabana mita ya ampea kwenye waya wa pampu. Ampea 2.8. Ni ndogo kwa pampu ya aina hii. Nikaweka kiganja juu ya soketi nikakitoa upesi. Ilikuwa ya moto.

Soketi ya waya haitakiwi kuwa ya moto. Ikipata moto ina maana umeme unageuka joto hapohapo badala ya kwenda kazini.

Tukazima, nikaichomoa. Plastiki yake ilikuwa imekuwa kahawia upande mmoja. Pini ya chanya ilikuwa na unga wa kijani, na ulimi wake uliotakiwa kubana ulikuwa umelegea. Nikachukua waya mbili nene nilizokuja nazo, zenye fyuzi na swichi, nikazivalisha kwanza kwenye pini za pampu, nikahakikisha zimekaa, nikafunika tundu kwa kitambaa kilicholowa, ndipo nikaunganisha upande wa betri kule mbele. Utaratibu huo usigeuzwe. Cheche yoyote itokee mbali na tenki.

Dereva akawasha. Geji ikapanda 47. Tukaupanda ule mwinuko tena na mzigo ule ule, jua lile lile, ikabaki 47 hadi juu. Pampu ya mtumba ambayo kila mtu alikuwa anailaani ilikuwa nzima, na chujio lilikuwa linapitisha. Dereva alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo muda wote huu ni waya?"

Gerejini tulitoa kiti na kapeti, na hapo historia yote ikaonekana sakafuni. Gari la samaki hutiririsha maji: barafu inayeyuka, inachanganyika na maji ya bahari yaliyokuja na matenga, inatafuta pa kushukia. Juu ya tenki kuna kifuniko cha bati, na kiwandani hubandikwa kwa gundi nyeusi laini isiyopitisha maji. Mama alikumbuka kwamba kiliwahi kufunguliwa zamani kwa ajili ya geji ya mafuta, kabla shida haijaanza. Aliyefungua alikirudisha bila gundi. Tangu siku hiyo kila safari ilikuwa inadondosha maji ya chumvi juu ya soketi ya pampu.

Maji ya chumvi yanapitisha umeme. Yakikaa kati ya pini mbili, moja ikiwa na volti 12 na nyingine asi, yanaanza kula ile ya chanya, kidogo kidogo kila swichi inapofunguliwa. Ndiyo maana kijani kilikuwa upande mmoja. Boliti ya asi ilikuwa na kisa chake: kichwa cha waya chenye shaba kimebanwa kwenye bodi ya chuma, na metali mbili tofauti zikilowa chumvi ile iliyo dhaifu ndiyo inayoliwa, hapa chuma. Chini ya kichwa kile palikuwa na kutu nene kama ganda. Huku Tanga hata gari lisilobeba samaki linapata upepo wa bahari, na boliti za asi ningezitazama kwenye gari lolote linalolala Raskazone au Sahare. Hili lilikuwa linaogeshwa.

Sasa lile jibu la mama, kwamba lilipona baada ya kubadilishwa pampu. Kubadilisha pampu kunakulazimu kuchomoa soketi na kuichomeka tena. Pini zinakwanguana, unga unatoka, chuma safi kinagusa chuma safi, umeme unapita. Siku mbili tatu. Kisha chumvi inarudi kazini, na safari hii ulimi umelegea zaidi, na joto linauregeza zaidi. Yeyote angeamini pampu ndiyo ilikuwa tatizo na kwamba ya mtumba aliyouziwa ni mbovu. Angenunua ya tatu, angepona siku mbili tatu, na angeamini hivyo zaidi.

Kupumzika robo saa nako ni hivyohivyo. Ukipanda, pampu inafanya kazi mfululizo, pini yenye upinzani inapata joto, plastiki inalainika, mguso unapungua, joto linaongezeka. Ukisimama inapoa na kubana tena. Kutoka nje inaonekana kama pampu inayochoka kwa joto, na kwa magari mengine kweli huwa ni pampu. Dalili ni ile ile, na ndiyo sababu dalili haitoshi.

Matengenezo hayakuwa makubwa. Soketi pamoja na kipande cha waya wake tuliipata kwenye gari la aina hiyo hiyo lililokatwa spea, tukaichagua ambayo pini zake bado zinang'aa na zinabana. Tuliunga kwa kubana na kulehemu, tukafunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Pini za upande wa pampu zilisafishwa, hazikuwa zimeliwa sana. Asi tuliihamishia sehemu iliyo juu zaidi pembeni mwa bodi ambako maji hayafiki, tukapiga msasa hadi chuma cheupe, tukakaza, kisha tukapaka rangi na grisi juu yake. Kupaka kunakuja baada ya kukaza. Wanaopaka kabla wanaweka rangi mahali pa mguso. Ile swichi ya siri nayo tuliiunga upya ingawa haikuwa na hatia, kwa sababu waya za kusokota zina siku yake. Kifuniko kikarudishwa na gundi mpya kuzunguka ukingo wote.

Kipimo cha mwisho tulikifanya njia ile ile, gari limepakiwa, mchana. Volti kwenye pampu 13.4. Ampea 4.1. Presha 46 hadi 47 kutoka Tanga hadi Muheza, pedeli juu na pedeli chini. Nyongeza ya petroli kwenye mashine baada ya kufuta kumbukumbu ilitulia asilimia 3. Nilimwomba mama gari lisiende Soni siku hiyo wala kesho yake, lifanye safari za Muheza kwanza, kisha lirudi niguse soketi. Lilirudi, soketi ilikuwa baridi. Ndipo likaruhusiwa kupanda Lushoto, na limekuwa likipanda.

Limebaki suala la maji yenyewe, maana gari halijaacha biashara ya samaki. Kapeti tumelitoa kabisa sehemu ya nyuma, hushika chumvi na kuificha. Mama amechongesha trei ya bati yenye ukingo na bomba dogo linalomwaga nje nyuma ya bampa, na matenga yanakaa humo. Kila likirudi kutoka safari, kijana anasuuza sakafu kwa maji ya bomba na kuacha milango wazi ikauke. Na nimemwekea alama ya rangi nyeupe pale ilipo boliti mpya ya asi, ili fundi yeyote atakayefuata aione na aweze kuipima bila kutafuta.